Kimeng'enya cha uyoga ndani ya spiriti: mbona lignini yangu inazidi kuwa nyeusi?

NyarMiwani, Kisumu

Habari zenu nyote. Nina jambo limenikosesha usingizi tangu mvua za vuli zianze. Naomba mnivumilie nilieleze lote, maana nikilikatakata mtanijibu swali ambalo sikuuliza.

Mimi ni fundi wa maabara chuoni, mwaka wa kumi na moja huu. Nyumbani, upande wa Kibos, nina kibanda cha udongo ninamootesha uyoga wa chaza, ule mweupe unaojipanga kama masikio. Vifuko vyangu navijaza makapi ya miwa, bagasi, kwa kuwa huku kwetu ukisimama barabarani asubuhi hayo ndiyo yanayokupita kwenye matrekta. Kifuko kikishazaa mara tatu kinachoka, na wengi hukimwaga shambani kiwe mbolea. Siku moja nilikipasua kimoja nikakitazama vizuri. Makapi niliyoyaingiza yakiwa ya manjano, makavu, yenye ncha za kuchoma vidole, yalikuwa meupe na laini. Niliyafinya yakaachana nyuzi nyuzi kama pamba iliyolowa. Nilikaa pale mlangoni na kile kifuko mapajani hadi giza likaingia, nikijiuliza kiumbe kisicho na jino wala moto kimewezaje.

Basi nikaanza kusoma. Kinachogandisha nyuzi za selulosi ndani ya muwa au mti ni lignini, na katika mbao inafikia robo ya uzito au hata zaidi. Kuvu wa uozo mweupe, na chaza ni mmoja wao, hutema vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, nje ya nyuzi zao ili kuishambulia: lakasi, peroksidasi ya manganisi na wenzao. Nikasema, kama vimeng'enya hivyo bado vimo kwenye vifuko vilivyochoka, kwa nini nivimwage shambani? Shemeji yangu ni seremala pale Mamboleo, na kila mwezi namwona akilia na bei ya vanishi. Nia yangu ni kuivunja lignini iwe vipande vidogo vinavyoyeyuka kwenye spiriti, nimpe ajaribu kuvipaka.

Nilivyofanya ni hivi. Kimeng'enya: vifuko vitatu vilivyochoka nilivikatakata, nikavilowesha usiku kucha kwenye bafa ya asetati ya pH 5, maji yanayoshikilia kiwango cha asidi kisibadilike, ndani ya friji, nikachuja kwa leso safi, kisha nikazungusha kwenye sentrifyuji. Nilipata maji ya rangi ya chai hafifu. Nikatia guaiakoli kidogo, kemikali inayogeuka nyekundu lakasi ikiigusa, bila haidrojeni peroksaidi yoyote ambayo peroksidasi huihitaji, na kabla sijamaliza kuandika saa kwenye daftari ilikuwa imegeuka nyekundu ya matofali. Ile niliyoichemsha kwanza haikubadilika kabisa. Kwa hiyo lakasi ipo, na ni nyingi.

Lignini: makapi mapya, soda kali, nikachemsha, nikachuja. Yale maji meusi niliyatonesha asidi ya salfuriki hadi pH 2, likatua tope la kahawia. Nikaliosha mara nne, nikalikausha kivulini.

Shida ikaanzia hapo. Lignini hiyo kwenye maji ya pH 5 haiyeyuki, inakaa chini kama unga wa kakao. Kwenye soda inayeyuka upesi, lakini huko pH inapita 11 na lakasi ya uyoga inalala. Katika spiriti ya asilimia 70 sehemu kubwa inayeyuka. Nikaona njia ndiyo hiyo: niyeyushe lignini kwa spiriti, nitie kimeng'enya, ningoje.

Jaribio la kwanza nilitumia spiriti ya dukani, ile ya zambarau. Baada ya saa tatu zambarau ilikuwa imepauka, nikafurahi mno. Kesho yake chupa ilikuwa nyeusi kuliko nilivyoiacha, na tope chini. Jaribio la pili nilitumia ethanoli safi. Kwenye asilimia 70 guaiakoli haikubadilika rangi, maana yake kimeng'enya kimenyamaza. Nikashuka hadi 30, kikafanya kazi, lakini baada ya siku mbili lignini ilikuwa nyeusi zaidi na imeshika kwenye kuta za chupa hivi kwamba hata spiriti tupu haikuitoa. Mkubwa mmoja niliyemwonyesha aliniambia nimwage nirudi kwenye kazi niliyoajiriwa. Sikumwaga. Chupa iko mbele yangu ninapoandika.

Ninachotaka kujua: ni spiriti inayoua kimeng'enya, au inakizuia tu? Kuna kiyeyushi kingine ambacho lignini inakipenda na lakasi inakivumilia? Na kwa nini kinachopaswa kuvunja kinaonekana kujenga?

MzeeWaNjoro

Binti yangu, hujambo. Nilifundisha biokemia miaka mingi kabla ya kurudi kwenye ng'ombe wangu hapa Njoro, na nimelisoma swali lako mara mbili kwa furaha. Kwanza hongera kwa kuchemsha sampuli ya kulinganishia. Wengi husahau.

Nianze na maji, kwa sababu kila kitu hapa kinarudi kwenye maji. Kimeng'enya hakihitaji kuogelea. Kinahitaji utando mwembamba wa maji uliokishika mwilini, unaolegeza viungo vyake viweze kujikunja na kujikunjua. Mwaka 1984 Zaks na Klibanov, kule chuo cha MIT Marekani, walichukua lipasi, kimeng'enya cha kuvunja mafuta, ya kongosho la nguruwe, wakaikausha sana, wakaitia kwenye kiyeyushi cha kikaboni kisicho na maji, wakaipasha hadi nyuzi 100. Ikaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Ndani ya maji kwa joto hilo ingekufa papo hapo. Kisa chake ni kwamba protini iliyokauka haina nafasi ya kujifungua na kuharibika, imegandia katika umbo lake. Wakagundua pia kwamba protini inakumbuka: ukiikausha kutoka kwenye bafa ya pH inayoipenda, inaingia ndani ya kiyeyushi ikiwa bado na hali ya pH hiyo.

Sasa utauliza, mbona yako imenyamaza kwenye asilimia 70? Kwa sababu ethanoli yenyewe inapenda maji. Inapokutana na protini inamvua maji yake kama mtu anayemvua mwenzake nguo. Heksani, kiyeyushi cha mafuta, haifanyi hivyo, maana haipatani na maji. Mwaka 1987 Laane na wenzake wa Uholanzi waliliweka hili kwenye kipimo kimoja, logi P: unatikisa kiyeyushi chako kati ya oktanoli na maji, unaangalia kimeegemea wapi; namba ikiwa kubwa, kimeyakimbia maji. Chenye logi P chini ya 2 kwa kawaida ni adui wa kimeng'enya, kilichopita 4 ni rafiki. Heksani iko karibu na 3.5, toluini karibu na 2.5, ethanoli na dioksani ziko chini ya sifuri.

Na hapo ndipo uchungu wa swali lako ulipo. Viyeyushi vinavyoiyeyusha lignini vizuri, yaani dioksani, asetoni yenye maji, ethanoli yenye maji, dimethili salfoksaidi, ni vilevile vinavyomvua protini maji. Vinavyomhifadhi protini, kama heksani, lignini haiviangalii hata kidogo. Usijilaumu. Umegonga ukuta ambao watu wamekuwa wakiugonga kwa miaka 40.

Kuna mengine unapaswa kuyajua kuhusu ukuta huo. Mwaka 1986 Dordick, Marletta na Klibanov walitoa makala wakidai kwamba peroksidasi huvunja lignini ndani ya viyeyushi vya kikaboni lakini si ndani ya maji. Walitumia dioksani ya asilimia 95, na peroksidasi ya mmea wa horseradish, si ya kuvu. Nilikuwa kijana wakati huo na habari ile ilitusisimua sana, kwa sababu ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu peroksidasi ya lignini igunduliwe kwenye kuvu Phanerochaete chrysosporium. Lakini mwaka uliofuata Lewis, Razal na Yamamoto waliirudia kazi hiyo kwa lignini iliyotiwa alama za kaboni, nao hawakuona minyororo ikikatika. Somo nililobaki nalo mimi, na ambalo nimewapa wanafunzi wangu wote: lignini ndani ya dioksani ina tabia za ajabu, inajikusanya na kujitawanya yenyewe, na kipimo kinaweza kukuonyesha vipande vidogo ambavyo havikukatwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha kiyeyushi, jibu swali lako la kwanza kwa mkono wako mwenyewe. Kiloweshe kimeng'enya kwenye ethanoli ya viwango mbalimbali kwa saa moja. Kisha chukua tone, lizimue kwenye bafa nyingi hadi ethanoli isiwe kitu, ndipo utie guaiakoli. Rangi ikirudi, ethanoli ilikuwa inazuia tu. Isiporudi, protini imejifungua na haitarudi tena. Majaribio mawili hayo yanaonekana sawa usipozimua, na watu wanayachanganya kila siku.

Jambo dogo la mwisho: uyoga wa chaza ukipewa salfati ya shaba kidogo sana kwenye chakula chake huzidisha lakasi, kwa kuwa kila lakasi inabeba atomi nne za shaba. Ila vifuko hivyo usivivunie uyoga wa kula.

FundiMtambo, Muhoroni

Dada, mimi si mtu wa vimeng'enya. Nimefanya kazi ya kukenesha, yaani kutenga kwa mvuke, ethanoli ya molasi miaka kumi na miwili, kwa hiyo nitasema kuhusu spiriti tu.

Ile ya zambarau achana nayo kabisa. Imetiwa methanoli na vitu vingine ili isinyweke, na ile zambarau ni rangi ya kemikali. Nilimuuliza binamu yangu anayesomea viwanda vya nguo akaniambia lakasi inatumika kupausha rangi za vitambaa, na zambarau za namna hiyo ni miongoni mwa zinazopauka. Kwa hiyo siku ile uliyofurahi, kimeng'enya chako huenda kilikuwa kinakula rangi ya spiriti. Kupauka kule hakukuwa kwa lignini.

Pili, ethanoli inayotoka kwenye mnara bila kukaushwa ni kama asilimia 95 na kitu, haipiti hapo kwa kukenesha tu. Unapopima asilimia zako pigia hesabu maji hayo. Ukisema 70 kumbe ni 66, matokeo yako hayatafanana na ya mtu mwingine.

Tatu, na hili nakuomba kama ndugu yako. Ukifikiria dioksani, ikikaa muda mrefu kwenye chupa iliyofunguliwa inajitengenezea peroksaidi zinazolipuka, na mvuke wake si wa kuvuta kwenye kibanda. Asetoni na haidrojeni peroksaidi zisikutane kwenye chupa moja kwa sababu yoyote ile, hata kama mtu atakuambia peroksidasi inahitaji. Nimeona mtu akipoteza vidole viwili kwa kudhani ni kidogo tu.

NyarMiwani

Asanteni sana. Mzee, hilo la kuzimua sikulifikiria kabisa, nitalifanya wiki hii. Ndugu wa Muhoroni, umenitoa tongotongo kuhusu zambarau. Dioksani sitaigusa.

Bado nina kiu ya swali la tatu. Kwa nini inajenga?

MwalimuWaShinyalu

Dada NyarMiwani, hilo la tatu niachie mimi. Nafundisha kemia ya sekondari karibu na msitu wa Kakamega, na kila mwaka nawapeleka vidato vya tatu msituni kutazama magogo yaliyoanguka.

Tatizo ni neno lenyewe, kuvunja. Lakasi haikati kitu. Inanyang'anya fenoli, zile molekuli za pete zilizomo kwenye lignini, elektroni moja, halafu nyingine, halafu nyingine, na ikishakuwa na nne mkononi inaikabidhi oksijeni, inakuwa maji. Basi, kazi yake imeisha. Ile fenoli iliyonyang'anywa ndiyo inabaki na shida: imekuwa radikali, ina elektroni isiyo na mwenza. Radikali ni kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni Kibuye, atashika mkono wowote ulio karibu. Akiwa karibu na kiungo dhaifu cha mnyororo wake mwenyewe, kiungo kinaweza kukatika. Lakini akikutana na radikali mwenzake, wanashikana, na wakishashikana hawaachani. Katika chupa yako iliyojaa lignini, wa pili ndio wengi. Ndiyo maana inazidi kuwa nyeusi na nzito.

Hata jina lake linasema hivyo. Lakasi haikugunduliwa kwenye uyoga. Mwaka 1883 Mjapani Hikorokuro Yoshida alikuwa anachunguza utomvu wa mti wa laki, ule ambao Wajapani na Wachina hupaka mabakuli na masanduku hadi yang'ae kama kioo cheusi. Aliona kuna kitu ndani ya utomvu kinachoufanya ugande, na kitu hicho kikichemshwa utomvu haugandi tena. Miaka ya 1890 Mfaransa Gabriel Bertrand akakipa jina lakasi, baadaye akakikuta kwenye uyoga pia. Kwa hiyo kimeng'enya chako kimejulikana kwa kugandisha fenoli kabla hakijajulikana kwa kuozesha mti.

Sasa utaniambia, mbona makapi yako yalilainika? Kwa sababu ndani ya kifuko lakasi haikuwa peke yake. Kuna peroksidasi, kuna vimeng'enya vinavyozitengenezea haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, kiasi cha kutumika bila kuua, kuna asidi ya oksaliki inayoibeba manganisi mbali na kimeng'enya hadi ndani ya ukuta wa mbao ambako protini kubwa haipenyi. Na lililo kubwa kuliko yote: kuvu yupo hapo hapo. Kipande kidogo kikikatika, anakinyonya kabla hakijashikana na kingine. Msituni wanafunzi wangu hubandua gome la gogo, chini yake wanakuta utando mweupe umeenea kama maziwa yaliyomwagika, na mbao chini ya utando unaweza kuichota kwa ukucha. Nawaambia wanuse. Haina harufu ya uchafu, inanukia kama mvua. Kazi hiyo imechukua misimu kadhaa, na katika muda wote huo hakuna kipande kilichoachwa kizurure.

Kwenye chupa yako hakuna anayenyonya. Kwa hiyo ningekushauri usitafute kiyeyushi cha kukichanganya kimeng'enya ndani yake. Tafuta kiyeyushi kitakachokaa juu yake na kubeba vipande, yaani kifanye kazi ya kuvu. Ethili asetati inaelea juu ya maji. Ukiitikisa kwanza na lignini yako kavu, itatoa sehemu yenye molekuli ndogo tu na kuacha ile nzito. Hiyo sehemu ndogo iache humo humo juu, bafa na lakasi viwe chini, na katikati vikutane. Fenoli ndogo zikizaliwa zitapanda juu kwa sababu huko ndiko kwao. Koroga taratibu, maana mpaka wa viowevu viwili nao unaharibu protini ukipigwa sana.

Na usiamini rangi. Kitu kikipauka kinaweza kuwa kimetua chini, kikiwa cheusi kinaweza kuwa na vipande vidogo vilivyofichwa na weusi wa wengine. Kama chuo hakina kifaa cha kupima uzito wa molekuli, chora mstari wa vanilini na siringaldehidi, vipande vidogo vinavyotoka kwenye lignini, kwenye bamba la silika ambako kila kitu hupandishwa na kiyeyushi kwa mwendo wake, weka tabaka lako la juu pembeni, na upande wa tatu uwe wa kimeng'enya kilichochemshwa. Pasipo huo wa tatu hutakuwa na la kusema.

MzeeWaNjoro

Mwalimu amesema vizuri. Niongeze kwamba ethili asetati ina historia nzuri na lakasi. Mwaka 1989 Milstein na wenzake kule Göttingen, Ujerumani, waliifunga lakasi ya kuvu Trametes versicolor kwenye chembe ndogo na kuifanyisha kazi ndani ya ethili asetati yenye maji kidogo tu. Kidogo lakini yapo, huo utando niliokueleza.

Pia lakasi peke yake inagusa zile sehemu za lignini zenye fenoli huru, ambazo kwenye mti ni chache. Mwaka 1990 Bourbonnais na Paice wa Kanada walionyesha kwamba ukiipa molekuli ndogo ya kutumwa, inayochukuliwa elektroni na lakasi kisha inakwenda yenyewe kuchukua kwa lignini, inafika hata pasipo na fenoli. Wao walitumia kemikali ya maabara. Wewe uko na bahati ya muwa: siringaldehidi na asidi za fenoli zinazotoka kwenye makapi zenyewe zinaweza kutumwa hivyo. Usiioshe lignini yako kupita kiasi.

Halafu binti, umesema unataka vanishi. Fikiria tena kile kilichoshika kwenye kuta za chupa.

NyarMiwani

Siku kumi na sita zimepita, narudi na majibu.

Kuzimua kwanza. Niliweka mirija mitano, ethanoli safi ya asilimia 10, 20, 30, 50 na 70, saa moja kwenye joto la chumba. Nilipozizimua, tatu za kwanza zilirudi nyekundu ya matofali sawa na ile isiyoguswa. Ya 50 ilipata waridi hafifu, tena kwa kungoja. Ya 70 haikurudi hata nilipoiacha hadi asubuhi. Kwa hiyo Mzee, hadi 30 spiriti inazuia tu, na kufika 70 inaua. Nilirudia mara tatu siku tatu tofauti, ikawa hivyo hivyo.

Ethili asetati nayo. Ilitoa sehemu ndogo sana ya lignini, ya rangi ya asali. Nimeiweka juu ya bafa yenye lakasi, nikaacha kisumaku kikizunguka polepole siku mbili kwenye kona yenye giza. Tabaka la juu limegeuka manjano iliyoiva. Kwenye bamba, chini ya taa ya urujuanimno, kuna doa jipya linalotembea karibu kabisa na vanilini, na upande wa kimeng'enya kilichochemshwa doa hilo halipo. Siapi kuwa ni vanilini. Nimelikwangua na kulihifadhi kwa friji hadi nipate mtu mwenye mashine ya kulitambua. Mwalimu, nilikaa na bamba lile mkononi kama nilivyokaa na kile kifuko.

Tena hili la mwisho. Mzee aliponiambia nifikirie kuta za chupa sikuelewa hadi nilipokuwa naosha vyombo usiku. Nilichukua kipande cha ubao wa saiprasi kwa shemeji, nikakipiga msasa, nikachora mstari katikati. Upande mmoja nilipaka lignini kwenye ethanoli ya asilimia 30 peke yake, upande wa pili hiyo hiyo pamoja na lakasi, tabaka tatu, nikiacha kila tabaka likauke. Siku ya nne nilichukua pamba yenye spiriti nikasugua mara ishirini kila upande. Upande usio na lakasi pamba ilitoka ya kahawia na ubao ukabaki na mabaka. Upande wa lakasi pamba ilichukua kivuli kidogo tu, na ubao ukabaki umevaa rangi yake, kahawia ya kuiva inayoonyesha mishipa ya mti chini yake.

Shemeji aliuinua ubao kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole gumba juu ya mstari mara kadhaa, akauliza nimebakiza kiasi gani. Nikamwambia angoje. Leo jioni nakata ubao wa pili wenye pande tatu, na upande wa tatu utapakwa lakasi iliyochemshwa.